Koa Aliyetaga Mahabusu

Itetemia, Tabora

Mama, shikamoo.

Nakuandikia nimekaa kwenye kigoda jikoni kwa Mama Kalekwa, mvua inanyesha, na kabla ya mengine yote nauliza habari ya mguu. Umetulia, au bado unatabiri mvua kuliko redio? Na kifua cha baba? Mwambie asiliache lile sweta eti kwa sababu Kisarawe hakuna baridi. Mimi ni mzima kabisa. Nimenenepa kwa karanga za huku, na nywele unazoniulizia kila mara bado ziko kichwani.

Uliniambia niandike kwa sababu kila nikipiga simu baba anaweka spika, anaanza kucheka kabla sijafika katikati, halafu salio linakwisha wewe hujaelewa kwa nini mwanao aliitwa kwa mwenyekiti wa mtaa. Basi naeleza tangu mwanzo. Msomee na yeye, ila mkataze kucheka mpaka umalize.

Kwanza kazi yenyewe, maana najua baba amewatangazia watu mimi ni daktari Tabora. Natafuta makoa, mama. Koa ni yule ndugu yake konokono asiye na nyumba mgongoni, anayetoka mvua ikinyesha na kuacha ute unaong'aa ukutani. Mwalimu wangu wa chuo kule Morogoro anataka kujua ni makoa gani wanaishi huku magharibi, kwenye njia waliyopita wapagazi wa misafara ya zamani wakitoka pwani kwetu. Anataka kujua nani ni mwenyeji na nani alikuja amejificha kwenye mzigo wa mtu.

Makoa nao wana koo zao. Ukoo ninaoutafuta mimi kwa Kilatini unaitwa Urocyclidae, neno ambalo Mama Kalekwa alilijaribu mara moja tu, akasema limemkwaruza. Ukimwona mmoja wao utamjua hivi: karibu na kichwa amejitanda kipande cha ngozi, kama mwanamke aliyejitanda kanga mabegani. Upande wa kulia wa kanga hiyo kuna tundu la kupumulia. Ndani ya kanga kuna kijigamba chembamba kama ukucha, ndicho kilichobaki cha nyumba ya mababu zake. Na mkiani ana kishimo cha kutolea ute, na juu ya kishimo kipembe kidogo. Kuna ukoo mwingine, wenye mgongo wa ngozi ngumu mtupu kama soli ya kiatu, hawana kanga wala kipembe. Ushike hapo, maana kesi yote inakuja kusimama kwenye mkia.

Sasa ukishajua ukoo bado hujajua jina. Rangi zinadanganya. Aina ileile moja huku ni ya kahawia, kule ni ya njano, kwingine ina madoa. Ili umjue kwa hakika lazima umpasue utazame vyombo vyake vya uzazi, na hapo nakuomba usisome kwa sauti kama mwalimu wa madrasa yuko karibu. Tena lazima awe amepevuka. Akiwa mchanga ndani hakuna cha kutazama. Kwa hiyo wale wadogo niliowapata kwenye magogo yaliyooza kule Kwihara niliwaweka ndooni chumbani kwangu, nikawalea wakue.

Mama Kalekwa ndiye mwenye nyumba ninayopanga. Ni mjane, Mnyamwezi, Mmoraviani wa kwaya ya kina mama, na ana kitalu cha miche ya mboga nyuma ya nyumba. Siku niliyofika aliniuliza kwetu wapi. Nilipotaja Uzaramo alishusha beseni alilobeba akaniambia kumbe ameletewa mtani mpaka mlangoni. Unajua utani wa jadi wa Wanyamwezi na sisi. Tangu siku hiyo sijapata salamu moja iliyonyooka. Nikimwamkia, anaitikia marahaba halafu anauliza kama Wazaramo siku hizi wanaoga. Akaniuliza nimekuja kutafuta nini, nikamwambia. Akasema watu wamekuja Tabora kutafuta pembe za ndovu, wakaja kutafuta asali, wakaja kutafuta tumbaku, na yeye hajawahi kusikia mtu aliyepanda treni kuja kutafuta konokono uchi.

Ndivyo wanavyowaita huku: konokono uchi. Kwa hiyo habari zangu zilizotembea mtaani ni kwamba kwa Mama Kalekwa kuna binti wa Kizaramo anatafuta vitu uchi.

Ili kuisafisha sifa yake, Mama Kalekwa alinipeleka kwenye kikao cha kikundi chao cha kina mama nikaeleze kazi yangu mwenyewe. Nilijifunga ushungi vizuri, nikasimama mbele ya Wamoraviani, nikaanza na mambo salama, tundu la pumzi na kipembe cha mkiani. Wakasikiliza kwa adabu. Kisha mmoja akauliza unamtambuaje dume na jike. Nikasema hakuna dume wala jike. Kila koa ni mume na ni mke kwa wakati mmoja. Wakikutana wawili huzungukana taratibu, kila mmoja anampa mwenzake mbegu, na wote wawili wanaondoka wajawazito. Nikaongeza, kwa kuwa sikuweza kujizuia, kwamba wengine wa ukoo huu wana kimshale kigumu mwilini, na kila mmoja humchoma nacho mwenzake kabla ya mapenzi.

Kina mama walitazama sakafu. Nilianza kufikiria treni ya kurudi. Kisha bibi mmoja aliyekaa karibu na dirisha, mkubwa kuliko wote, akasema polepole, "Sasa mahari anapeleka nani?"

Mama, walicheka mpaka mmoja akatoka nje. Mwingine alisema mahari zinakutana njiani zinarudi kila moja kwao. Mwingine akasema nyumba ya namna hiyo angalau hakuna anayeambiwa anyamaze kwa kuwa ni mwanamke, na hapo kicheko kilipungua kidogo, wakatazamana. Nilitoka pale nikiwa mtu wa watu. Waliniokotea makoa njiani wakitoka shambani, wakawaleta kwenye majani ya mgomba.

Ndiyo maana lililofuata liliniuma.

Kikundi hicho kilikuwa kimempa Mama Kalekwa mbegu za kabichi awaoteshee miche. Walikuwa wamelima shamba la pamoja kule bondeni, mvua za kupandia zimeshaanza, na mavuno yake ndiyo yangeezeka paa la nyumba ya yule bibi wa dirishani, ambayo upepo uliifunua. Miche ilikuwa imependeza, imebakiza siku chache kuhamishwa. Asubuhi moja nikamsikia Mama Kalekwa akiita jina la Bwana Yesu kule nyuma. Nikakimbia. Nusu ya kitalu ilikuwa vijiti vitupu. Na kutoka kitaluni, ute ulikuwa umechora njia iliyong'aa kwenye jua, ikapita uani, ikapanda kizingiti, ikaingia chini ya mlango wa chumba changu.

Nilifungua mlango. Kifuniko cha ndoo kilikuwa kimesogea. Nikahesabu makoa yangu, wawili hawapo.

Mama Kalekwa hakunigombeza. Hilo ndilo lililonitisha. Alisema tu, "Wapangaji wako wamekula," akaingia ndani. Siku nzima hakunitania hata kidogo. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, basi. Sijawahi kutamani kuulizwa kama Wazaramo wanaoga namna ile.

Kufika jioni kina mama walikuwa wamejaa uani. Mmoja alikuja na chumvi akaimwaga kitaluni ili kuua kila kitu kinachotambaa, na kesho yake miche iliyosalia upande ule ikanyauka nayo, maana chumvi haichagui. Wengine walisema nihame na ndoo yangu. Nilijitetea kwamba makoa wa ukoo wangu hupenda ukungu na majani yaliyooza, si kabichi changa, lakini nilijisikia mwenyewe nikiongea na nikaona ningekuwa wao nisingeniamini. Njia ya ute ilikuwa inaonekana, mama. Hata mimi ilinitia shaka.

Shauri likapelekwa kwa mwenyekiti wa mtaa, Mzee Maganga. Ni mstaafu wa reli, mrefu, anapenda kila jambo liende kwa utaratibu wake kama treni. Alitukalisha barazani kwake, akasikiliza upande wa kina mama, akasikiliza upande wangu, akavua miwani akaifuta. Akasema haiwezekani kuhukumu asiyekuwepo.

"Mshtakiwa aletwe," akasema.

Hakuwa anatania. Nikaenda kuchukua ndoo.

Lakini sikuchukua ndoo peke yake. Alfajiri ya siku hiyo ya kesi nilikuwa nimeshapita kitaluni, upande usiomwagwa chumvi, nikainua mbao ambazo Mama Kalekwa hukanyagia, na chini yake nilikuta makoa wanene, weusi, mgongo mtupu wa ngozi, wameshiba. Hawa walikuwa wa ule ukoo mwingine. Niliwatia kwenye kopo. Nikamwonyesha Mzee Maganga mkia wa huyu na mkia wa yule, kanga ya huyu na utupu wa yule. Akaviinamia kwa muda mrefu, akakubali kwamba hawa si ndugu. Ila akasema kutofautiana mkia si ushahidi kwamba mtu hakula kabichi. Nilimheshimu kwa hilo.

Tukakubaliana tuwajaribu. Tuliweka mabeseni mawili nyumbani kwake, kila beseni na udongo, miche michache ya kabichi, na kipande cha gogo lenye ukungu. Beseni moja la wale wa mgongo mtupu. La pili la kwangu, na humo nilimtia mmoja tu, aliyekuwa mkubwa kuliko wote, wa kahawia mwenye mstari mwembamba wa njano. Mabeseni yakafunikwa kwa wavu, juu yake mawe. Mwenyekiti akatangaza kwamba wako mahabusu mpaka asubuhi, na mkewe akasema yeye usiku huo halali nyumba moja na wale, akaenda kwa dada yake mtaa wa Cheyo.

Asubuhi watu walikuwa wengi kuliko kikao cha mapato na matumizi, hata wasio na shamba. Mama Kalekwa alisimama nyuma kabisa, amejifunga kanga yake ya kwaya, hatazami upande wangu. Mzee Maganga akafunua beseni la kwanza. Vijiti vitupu. Gogo halikuguswa. Watu wakanung'unika. Akaja kwenye la pili. Miche yote imesimama, haina hata tobo, na lile gogo limelambwa ukungu wote, jeupe kama sahani iliyooshwa. Nikahema kwa mara ya kwanza tangu jana yake.

Mwenyekiti hakusimama. Aliendelea kuinama, akainua gogo kwa kidole, akaomba miwani ambayo tayari alikuwa ameivaa. Chini ya gogo kulikuwa na kifungu cha mayai, meupe kidogo, yanapitisha mwanga, kila moja dogo kuliko punje ya mahindi, yamegandana kwa ute.

Akajinyoosha, akakohoa, akatoa hukumu yake. "Mshtakiwa hana hatia ya kabichi. Lakini ametaga mahabusu."

Hapo utaratibu wote ulikufa. Kila mtu alitaka kuona. Mtu mmoja akauliza mume ni nani wakati alilala peke yake, na yule bibi wa dirishani akamjibu kabla yangu kwamba si tuliambiwa, mume ni yeye mwenyewe. Nikaeleza kwamba inawezekana alibeba mbegu za mwenzake tangu kule ndooni, maana wanaweza kuzitunza, na kwamba makoa wengine huweza hata kujitosheleza. Mwenyekiti akasema kwa vyovyote vile serikali ya mtaa haihusiki.

Wale wawili waliotoroka tuliwakuta baadaye chini ya kuni jikoni, wakilamba ukungu. Ute uliopita uani ulikuwa wao wakitoka chumbani kwenda matembezini, wakapitia kitaluni kabla ya kuishia jikoni. Kina mama waliniomba radhi mmoja mmoja, na aliyemwaga chumvi aliniletea karanga. Kabichi je? Nilikwenda na Mama Kalekwa alfajiri tatu mfululizo tukawaokota wale wa ngozi ngumu chini ya mbao, na watu wa mitaa mingine wakachangia miche. Shamba limepandwa, mama. Limechelewa lakini limepandwa.

Ungedhani mambo yaliishia hapo. Ndipo mimi na Mama Kalekwa tulipogombana kweli.

Koa aliyetaga amepevuka. Maana yake ndani yake sasa vyombo vyote vipo, na ndiye pekee niliyempata wa aina ile mwenye umri huo. Nilimpigia mwalimu wangu, akafurahi, akaniambia nimlaze kwenye maji mpaka afe, nimpasue, nimtumie picha. Akanikumbusha kwamba bila jina la yule wa mstari wa njano safari ya msimu ujao itakuwa ngumu kuiombea fedha. Nikatayarisha maji. Mama Kalekwa akatokea mlangoni, akaona kisu kidogo na sahani, akauliza ni cha nini.

Nikamweleza. Alichukua lile beseni lenye koa na mayai, akalikumbatia.

"Mzazi hachinjwi," akasema. "Hata kwenu Uzaramoni naamini hachinjwi."

Nilimwambia ni koa. Akasema anajua ni koa. Nilimwambia ni kazi yangu. Akasema na yeye alizaa, na siku ile hakuna aliyemjia na sahani. Nitakuambia wewe ambacho sikumwambia yeye: sikutaka kumpasua hata mimi. Kila asubuhi nilikuwa nikimkuta pembeni ya mayai yake, ingawa najua vitabuni wanasema koa hayalei, anataga anaondoka. Huenda alikuwa amechoka tu. Nilimwaga maji. Nikampigia mwalimu nikamwambia nasubiri. Hakufurahi, na mimi nikakaa na hofu yangu kwamba nimeitupa kazi kwa ajili ya mdudu, tena hata mdudu mwenyewe si mdudu.

Koa mwenyewe hakukaa sana. Wengi wao wakishataga huwa wamefika mwisho. Siku moja nilimkuta amelegea, vipembe vya macho havirudi nikivigusa. Nilipomwambia Mama Kalekwa alivua aproni, akajifunga kanga, akaja chumbani kwangu akakaa kwenye kiti akaniambia pole na msiba. Nilimtazama nione kama ananitania. Alikuwa analia, mama. Kidogo, lakini alikuwa analia. Kisha akajifuta akaniuliza nangoja nini, nilete sahani, yeye atashika tochi.

Nikampasua kwenye meza yake ya kulia chakula. Alishika tochi imara kuliko nilivyoshika kisu, akauliza hiki nini na hiki nini, na nilipomwonyesha kifuko kile chenye kimshale alisema polepole kwamba kumbe ni kweli. Nikapiga picha, nikatuma. Jibu la mwalimu lilirudi kabla ya magharibi. Vyombo vile anavifahamu. Vinafanana na vya koa wa msitu wa Pugu, pale jirani na kwetu, na hajawahi kusikia ameonekana huku bara. Atalinganisha zaidi kabla ya kuandika lolote, lakini kwa maoni yake huyu ni mgeni aliyetoka pwani, labda vizazi vingi nyuma, kwenye magunia ya watu. Na safari ya msimu ujao ipo.

Nikamsomea Mama Kalekwa. Alizima tochi.

"Mzaramo," akasema. "Ndiyo maana alikuwa na kesi."

Basi nikajua tumepatana.

Mayai bado yapo kwenye bakuli juu ya kabati lake la vyombo, chini ya kitambaa chenye unyevu. Sijui kama yatatotoa, mengine huharibika. Kesho napanda basi kwenda Ulyankulu kutafuta wengine, na nitakuwa huko mpaka wiki ipite. Barua namwachia Mama Kalekwa aipeleke posta akienda sokoni.

Niamkie bibi mzaa baba, na umwambie ndiyo, nakula, na hapana, mlenda wa huku haunikumbushi kazi yangu. Msalimie shangazi wa maandazi, na kaka Ramadhani kinyozi, umwambie aache kuwaambia wateja mimi nafuga nyoka. Mjomba aliyetaka nimtazame ng'ombe wake, mweleze taratibu mimi ni daktari wa namna gani. Na baba, sasa anaweza kucheka.

Mungu awaweke mpaka tuonane. Nawapenda kuliko ninavyoweza kusema baba akiwa amewasha spika.

Binti yenu,
Zaituni

*

Mama Zaituni, mwangaluka.

Mimi ni Mama Kalekwa. Binti ameondoka jana, barua ameniachia haijafungwa vizuri, nimeisoma. Mengi ni kweli. Kulia sikulia, ulikuwa moshi. Mwanao ni mtu mzuri ila hawezi kuosha sufuria.

Naiongeza hii kabla sijaenda posta. Asubuhi nimefunua kitambaa. Wametoka. Wadogo mno, unaona mpaka ndani, na kila mmoja tayari anajua anakwenda wapi. Nimewawekea gogo bichi lenye ukungu. Nimempigia simu yake, huko haishiki. Kwa hiyo mtani wangu, katika watu wote wa ukoo huu, wewe ndiye wa kwanza kuambiwa.